Safari ya Pamoja Kutoka Mombasa Hadi Tsavo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sehemu ya maji tunayoyatumia Mombasa huja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Tunayanywa, tunayapikia, tunayaogea, na bado wengi waliozaliwa Majengo, Kisauni au Likoni hawajawahi kuingia mbugani hata mara moja. Sababu wanayoitaja kwanza ni fedha, kwa kuwa kukodi gari zima ni ghali. Safari ya pamoja, ya kuchangia gari, imewafungulia njia watu wengi wa kipato cha kawaida, nasi tunaipanga kwa sababu tunaamini Tsavo haikuwekwa kwa ajili ya wageni wa hoteli za ufuoni peke yao. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi, kwa simu, kwa WhatsApp, na mara nyingine barazani baada ya swala ya isha.

Safari ya pamoja ni nini hasa?

Watu wasiojuana hukutanishwa katika gari moja, kila mmoja akalipia kiti chake. Mnaondoka pamoja, mnazunguka mbugani pamoja, mnarudi pamoja. Usiku kila mtu au kila familia ina chumba chake. Hutokea pia abiria wa gari moja wakalala loji mbili tofauti, kwa kuwa mmoja alichagua ya bei nafuu na mwenzake akachagua ya juu. Dereva huwashusha na kuwapitia asubuhi.

Unachokosa ni uhuru wa ratiba. Huwezi kumwambia dereva akae saa nzima chini ya mbuyu mmoja wakati wenzako watano wanataka kuendelea. Kama hilo litakukera, bora usubiri hadi uwe na kundi lako mwenyewe.

Kwa nini bei inashuka, na inashuka wapi?

Inashuka kwenye gari tu. Chukua hesabu ya mfano: gari, mafuta na dereva ni shilingi 24,000 kwa siku. Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba 12,000. Mkiwa sita, kila mmoja anabeba 4,000. Ada ya kuingia mbugani haigawanyiki, kitanda hakigawanyiki, sahani ya chakula haigawanyiki. Ndiyo maana anayesafiri peke yake na kutaka chumba cha peke yake hutozwa nyongeza, na ndiyo maana ukikubali kulala chumba kimoja na ndugu au rafiki unaokoa zaidi kuliko kubishana na sisi juu ya bei ya gari.

Ukiona tangazo la bei ya chini mno, uliza kilichoachwa nje. Mara nyingi ni ada ya mbuga. Unafika getini, unaambiwa ulipe, na safari iliyoonekana rahisi inakuwa ghali kuliko zote ulizolinganisha.

Ada ya mbuga inalipwa vipi?

Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ziko chini ya KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Malipo hufanywa kwa mtandao kupitia eCitizen. Getini hawapokei pesa taslimu. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo hatuviandiki hapa. Tunakutumia kiwango cha siku hiyo pamoja na bei ya kiti, kila kimoja mstari wake, uone kipi ni chetu na kipi ni cha mbuga.

Kiwango hutegemea wewe ni nani: raia wa Afrika Mashariki, mkaazi wa Kenya, au mgeni kutoka nje. Watu hukwama hapa. Beba kitambulisho halisi, maana picha yake kwenye simu inaweza kukataliwa. Watoto waje na vyeti vya kuzaliwa. Na kama una ndugu aliyekulia Mji wa Kale lakini sasa anasafiri kwa pasipoti ya Uingereza, mwambie mapema: akiwa bado ni raia wa Kenya, aje na kitambulisho chake cha Kenya. Akija na pasipoti ya nje peke yake atahesabiwa mgeni, na tofauti ya bei si ndogo. Maafisa wa getini hufuata karatasi, hawawezi kufuata lafudhi ya mtu.

Niende mbuga gani kwanza?

Tsavo Mashariki. Hatusiti kulijibu hili. Ni karibu, ni wazi, na tembo wake hawana mfano.

Kutoka Mombasa, geti la Bachuma liko kama kilomita mia moja, na Voi kama mia na sitini. Mnapita Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu. Barabara ni nzuri ila malori ni mengi, na foleni ya Mariakani inaweza kula saa nzima. Ndiyo maana tunaamka mapema. Mbuga yenyewe ni kubwa kupita kiasi. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na Tsavo Magharibi zaidi ya 9,000. Zilitengwa mwaka 1948 zikiwa mbuga moja, kisha zikagawanywa, na barabara kuu pamoja na reli ya Mombasa–Nairobi hupita katikati yake.

Udongo wa Tsavo ni mwekundu, na tembo hujimwagia vumbi na kugaagaa kwenye matope yake hadi wakawa wa rangi ya tofali. Kundi la tembo wekundu likishuka majini kwenye bwawa la Aruba jioni, hata watoto waliokuwa wakigombania simu hunyamaza. Utaona pia wanyama wa nchi kame ambao hawaonekani kila mahali: swalatwiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu na anayeweza kuishi bila kunywa maji, choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, na kanga wenye kifua cha buluu. Mto Galana hupita humo humo, na huo ndio Sabaki mnaouvuka mkitoka Malindi kwenda Lamu. Kwenye maporomoko ya Lugard maji yamechonga miamba hadi ikawa kama vinyago.

Tsavo Magharibi ni ya vilima, vichaka na mawe meusi ya volkano. Wanyama hujificha zaidi, lakini nchi yenyewe ni nzuri kuliko Mashariki, na kuna Mzima, ambako unashuka garini na kutembea na askari wa mbuga hadi kwenye chumba cha vioo chini ya maji kutazama samaki. Viboko na mamba wako pale pale, kwa hiyo mtoto hashikwi mkono kwa mzaha. Kuna pia hifadhi ya vifaru ya Ngulia, iliyoanzishwa mwaka 1986 wakati majangili walikuwa karibu kuwamaliza. Tunapendekeza Magharibi kwa safari ya pili, au kwa siku tatu zinazounganisha zote mbili.

Amboseli ni ya wanaotaka kuona tembo mbele ya Kilimanjaro. Ni mbali kutoka Pwani. Usikubali kuiuziwa kama safari ya usiku mmoja, utamaliza muda barabarani.

Na kama mfuko au muda hauruhusu hata Voi, ipo Shimba Hills, Kwale, nusu siku tu. Ndiyo mahali pekee Kenya palipo na palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma.

Safari ya siku moja inatosha?

Inatosha kuonja. Lakini ukituuliza sisi, ongeza usiku mmoja hata kama itabidi uahirishe mwezi mzima ili fedha itimie.

Sababu ni hii. Wanyama hutembea alfajiri na jioni. Katikati ya mchana jua la Tsavo huwalaza chini ya vichaka na wewe unazunguka kutazama nyasi. Anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo huondoka Mombasa saa kumi au kumi na moja alfajiri, akafika mbugani jua limekwisha kupanda, na lazima ageuze gari alasiri ili asisafiri usiku na malori. Yaani analipa ada kamili na kukosa saa mbili bora za siku. Anayelala usiku mmoja anapata jioni ya kwanza na alfajiri ya pili, na huo ndio wakati simba anaonekana akitembea, fisi akirudi pangoni, na hewa bado ina ubaridi. Magari hayaruhusiwi kuzunguka mbugani usiku, kwa hiyo saa hizo mbili haziwezi kufidiwa kwa njia nyingine.

Tena kuna usiku wenyewe. Loji kadhaa za Tsavo zimejengwa mbele ya bwawa au kidimbwi chenye taa, na unaweza kukaa na kikombe cha chai ukiwatazama tembo wakinywa maji hatua chache tu chini ya kibaraza. Kwa mzee ambaye mgongo wake hautaki tena kurushwarushwa garini, hilo peke yake ni safari kamili.

Mnahakikisha nitamwona simba?

Hapana, na asikuhakikishie mtu yeyote. Mbuga haina uzio kila upande wala haina ratiba. Tunachoweza kuhakikisha ni dereva anayejua pa kutafuta: kando ya mto Voi, karibu na Aruba, kwenye vivuli vya njia za maji, na anayesikiliza madereva wenzake kwenye redio.

Mjue pia simba mnayemtafuta. Simba dume wengi wa Tsavo wana manyoya haba shingoni, wengine hawana kabisa, kwa hiyo watu huona dume wakidhani ni jike. Wale wawili waliowaua wafanyakazi wa reli kwenye daraja la mto Tsavo mwaka 1898 walikuwa wa namna hiyo, na ngozi na mafuvu yao hadi leo yamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Chicago.

Ombi letu: usiigeuze safari nzima kuwa msako wa simba mmoja. Gari linalokimbizwa kutoka uvumi hadi uvumi hupita mbio mbele ya mambo mengi, na wanaoumia ni abiria wenzako waliofurahia kumtazama twiga.

Gari ni la aina gani, na nitakaa dirishani?

Ni vani yenye paa la kufunguka, au Land Cruiser iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hatupakii abiria kuzidi idadi ya madirisha. Kila abiria ana dirisha lake. Uliza hivyo hivyo kwa yeyote unayelipa. Swali "mtakuwa wangapi garini?" ni muhimu kuliko "bei ni ngapi?", kwa sababu vani iliyojazwa kama matatu ya Bombolulu haifai kwa siku mbili za mashimo na vumbi.

Viti hubadilishwa. Aliyekaa mbele asubuhi anakaa nyuma jioni, hata kama alikuwa wa kwanza kulipa. Wazee na wajawazito wasamehewe zamu ya nyuma kabisa, ambako gari hurusha zaidi. Kwa mjamzito, ongea na daktari kwanza. Barabara za ndani ni za changarawe zenye mawimbi na hakuna njia ya kuzikwepa.

Nitakaa na watu gani?

Mchanganyiko. Mwalimu wa Changamwe na mumewe, wanafunzi wawili wa chuo, mgeni kutoka Ujerumani, mama na watoto kutoka Diani. Tunajaribu kutoziweka familia zenye watoto wadogo gari moja na wapiga picha wenye kamera kubwa, kwa sababu mmoja anataka kimya na mwingine hawezi kukitoa.

Ndani ya gari hakuna sigara, hakuna miraa, hakuna muziki wa spika. Manukato makali na mafuta ya udi yaache nyumbani siku hizo mbili. Nafasi ni ndogo, na asiyeyazoea huumwa kichwa. Mkifika kwa wanyama, sauti zishuke. Anayetaka kunywa pombe anywe loji, kwa fedha yake, baada ya mizunguko kwisha.

Mimi ni mwanamke na nasafiri peke yangu. Ni sawa?

Ni sawa, na wengi hufanya hivyo. Tuambie mapema ukitaka kuwekwa gari lenye wanawake wengine au familia. Tukiweza tutakupangia, tukishindwa tutakuambia kabla hujalipa. Kuhusu chumba, hatumlazi mtu na mgeni asiyemjua ila kwa ridhaa ya wote wawili, na kamwe si mwanamke na mwanamume wasio na uhusiano. Mwachie mtu wa nyumbani nambari ya gari, jina la dereva na jina la loji. Tunakutumia vyote jioni kabla ya kuondoka. Mtandao wa simu hupotea sehemu nyingi za mbuga, kwa hiyo waambie mapema wasihangaike ukikosekana kwa saa kadhaa.

Chakula ni halali? Na swala?

Uliza, usidhani. Sisi huwasiliana na jiko la loji kabla ya kuthibitisha nafasi na kukupa jibu lao kama lilivyo. Pasipo uhakika wa nyama, kuna samaki, mayai, maharagwe na mboga, na mpishi akijua mapema hukuandalia vizuri. Njiani tunasimama kwenye migahawa ya Waislamu.

Madereva wengi wa barabara hii husimama Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, na wasafiri wa dini zote wamezoea kupumzika pale. Ndani ya mbuga huwezi kushuka popote, lakini zipo sehemu zilizoruhusiwa na kuna loji, na ratiba tunaipanga ili adhuhuri na alasiri zikukute mahali pa kushuka. Kibla huko ni kaskazini kama ilivyo Mombasa. Mambo ya kupunguza na kukusanya swala muulize sheikh wako kabla ya safari. Ramadhani tunaendesha safari chache, na dereva anayefunga hatumlazimishi kuendesha alasiri nzima kwenye jua.

Watoto wanaruhusiwa? Mama yangu ana goti bovu, je?

Watoto wanaruhusiwa. Wa chini ya miaka mitano huchoka haraka, na kuchoka kwao ni kuchoka kwa gari zima. Kwa familia yenye wawili watatu wa umri huo, Shimba Hills au Haller Park pale Bamburi ni mwanzo mzuri zaidi.

Mama aje. Mwambie dereva juu ya goti siku ya kwanza, atawekwa kiti cha karibu na mlango na kupewa kigoda cha kupandia. Omba chumba cha chini, karibu na mahali pa kulia, maana loji nyingine zimejengwa juu ya miamba na ngazi ni nyingi. Haitamlazimu kusimama kutazama nje ya paa. Dirishani anaona vizuri.

Nivae nini, nibebe nini?

Nguo nyepesi za rangi ya udongo, kijani au kahawia. Nyeupe zitarudi nyekundu na hazitakati. Buluu iliyokoza na nyeusi huwavutia mbung'o, ambao wako Shimba Hills na sehemu za Tsavo Magharibi. Mtandio au leso ya kufunika pua wakati wa vumbi ni bora kuliko barakoa. Alfajiri paa likiwa wazi kuna baridi, hasa Juni hadi Agosti, na watu wa Pwani huwa hawaamini hadi meno yagongane, kwa hiyo sweta ni lazima. Darubini ukiipata kwa kuazima, iazime. Itakufaa kuliko simu ya bei kubwa.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki nchi nzima tangu Agosti 2017. Beba chupa ya chuma au ya kujaza tena. Maji tunabeba kwenye mtungi mkubwa garini. Mahamri na viazi karai karibuni, katika kontena lenye kifuniko. Getini nyani wamezoea kupora chakula madirishani, na nyani aliyezoea kulishwa na watu huwa hatari hadi hulazimu kuuawa. Usimrushie hata ganda la ndizi.

Msalani je?

Getini, loji, na sehemu chache za kupumzikia. Kati ya hapo hakuna kushuka. Kama una tatizo la kibofu au unatumia dawa zinazokupeleka mara kwa mara, mnong'oneze dereva asubuhi naye atapanga njia bila kumtangazia mtu.

Sheria zipi dereva hatazivunja hata nikimwomba?

Hatazidisha kilomita 40 kwa saa ndani ya mbuga. Hatatoka nje ya barabara kumfuata chui. Hatalikaribia kundi la tembo lenye ndama hadi mama yao aanze kutanua masikio. Hatakuruhusu kushuka kupiga picha. Milango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na saa ikikaribia ataondoka hata kama simba ndio kwanza anaamka. Droni haziruhusiwi bila vibali. Tafadhali usimpe dereva fedha ili avunje lolote kati ya haya. Leseni yake ndiyo shule ya watoto wake.

Dereva anajua wanyama au anajua kuendesha tu?

Uliza kama ana cheti cha chama cha waongoza watalii wa Kenya, KPSGA, ambacho hutahini kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Anayejua kazi atakuonyesha nyayo mchangani na kukuambia zilipita usiku au asubuhi. Bakshishi si lazima. Ukiridhika, mpe mwishoni, mkononi mwake mwenyewe.

Msimu gani ni mzuri?

Kiangazi, Juni hadi Oktoba na tena Januari hadi Machi mwanzoni. Maji yakipungua wanyama hukusanyika penye maji yaliyobaki na vichaka hupukutisha majani, unaona mbali. Masika, Aprili na Mei, barabara hugeuka tope na wanyama hutawanyika, lakini bei za loji hushuka na nchi yote huwa kijani. Wapenda ndege waje Novemba na Desemba, wageni wa kutoka kaskazini ya dunia wakipita. Idd, Krismasi na likizo za shule viti huisha mapema.

Kiangazi kikizidi si jambo la kufurahia picha. Ukame wa 2022 uliua tembo wengi Tsavo, na Aruba inaweza kukauka kabisa. Mwaka kama huo tunawaambia abiria kabla ya kulipa kwamba wataona wanyama waliodhoofika, na pengine mizoga. Wengine huahirisha. Wengine huja kwa sababu hiyo hiyo, ada yao ikisaidia kazi ya kuwalinda waliobaki.

Malaria na dharura?

Malaria ipo kama ilivyo hapa Pwani: dawa ya kupaka, mikono mirefu jioni, chandarua. Wagonjwa wa sukari, pumu au moyo wabebe dawa za siku mbili zaidi kwenye mkoba wa mkononi. Hospitali kubwa ya karibu ni Moi, Voi. Ukitaka bima ya muda mfupi ya kusafirishwa kwa ndege, tutakueleza namna ya kuikata.

Gari lisipojaa?

Hili ndilo linalozusha ugomvi mwingi katika biashara hii, kwa hiyo lisome taratibu. Safari ya pamoja ina idadi ya chini. Isipofika, kuna njia tatu: kuahirisha, kila mmoja kuongeza kidogo, au kuwahamishia kwenye gari la kampuni nyingine inayokwenda siku hiyo. Njia ya tatu ni ya kawaida sana Mombasa, na si mbaya endapo umeambiwa. Ubaya ni kuamka alfajiri ukakuta gari usilolijua, na dereva asiyejua umelipia nini. Sisi tunakuuliza siku mbili kabla. Ukikataa, unarudishiwa chote. Ukijiondoa mwenyewe baada ya loji kulipwa, tunarudisha kile tu ambacho loji itakubali kurudisha.

Nitajuaje kwamba siibiwi?

Wako vijana waaminifu wanaouza safari ufuoni, na wako wanaokusanya fedha na kuzima simu. Usihukumu kwa maneno wala kwa fulana. Omba leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA, na uangalie kama ni ya mwaka huu. Lipa kwa till au paybill ya M-Pesa yenye jina la kampuni, usitume kwa nambari ya mtu. Toa arbuni, salio umalize karibu na siku ya safari. Dai risiti inayoandika mbuga, loji, idadi ya milo, na kama ada imo au haimo. Muuzaji mzuri hachukii kuulizwa maswali haya. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Mnachukulia watu wapi?

Kisiwani, Nyali, Bamburi na Mtwapa tunapita kwa zamu kuanzia saa kumi alfajiri. Tunazitaja saa zetu kwa Kiswahili. Wageni wa nje tunawaandikia mara mbili. Walio Diani na Ukunda hupitia barabara ya Dongo Kundu, hawangoji tena feri ya Likoni. Ukichelewa robo saa tunakupigia, nusu saa tunaondoka, kwa kuwa wenzako watano wameshakaa garini.

Unaweza pia kusafiri kwa SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, kutoka Miritini kwa treni inayosimama vituo vyote, ushuke Voi tukupokee. Kaa upande wowote. Baada ya Maungu tembo huonekana kutoka dirishani, na chini ya tuta kuna njia walizoachiwa wanyama kupita.

Nikitaka kiti, nitume nini?

Majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, umri wa watoto, uraia wa kila mmoja, tarehe mbili unazoziweza, mahali pa kukuchukulia, chakula usichokula, na ugonjwa wowote ambao dereva apaswa kuujua. Tunajibu ndani ya siku moja kwa hesabu iliyoandikwa. Usitume fedha kabla hujaipata hesabu hiyo.